Kipande cha Mwenyekiti

Mvua niliyoiacha ikipiga mabati wiki jana ilikatika kulipopambazuka, na ilipokatika nikajua kuna mahali pameharibika. Masikio ya mkulima hayalali.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mimi ni nyanya wa huku Kalama. Niko katika mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana mitaro ya fanya juu mlimani, ile ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta, ili mvua isitubebee shamba. Kila Alhamisi huwa tuko kwa shamba la mmoja wetu. Kila mtu hupimiwa kipande chake kwa fito. Asiyekuja, kipande chake hubaki kizima katikati ya vipande vya wenzake, kama pengo kwenye meno, mpaka aje asimame hapo na kusema sababu.

Mwenyekiti wetu ni Kalekye, mjane, mtu ambaye hakuwahi kukosa. Halafu akaanza kukosa. Alhamisi hii, na ile, na ile nyingine.

Mimi peke yangu nilijua kwa nini. Binti yake, Ndanu, alikuwa amejaribu kukatisha maisha yake. Mimi ndiye niliyemkuta. Nilivyomkuta sitaandika. Aliokolewa, akapelekwa kukaa na shangazi yake Mwongeli kule Mumbuni, pembeni mwa mji, na kila Alhamisi mama yake humsindikiza hospitalini kwa mshauri, kwa sababu bila mama yake haingii mlango ule.

Ndanu alikubali kuishi kwa sharti moja, na alilisema mbele yangu. "Siku watu wa Kalama watajua, mama, hutanipata tena."

Niliapa. Na kwa kuwa kile kipande cha mwenyekiti kilikuwa kinapiga kelele kila mtu akipita, nikaanza kwenda alfajiri na jembe langu kukichimba mwenyewe, kisha narudi nyumbani kukoroga uji kama mtu aliyeamka sasa hivi. Hapo ndipo nilipowaacha.

Majina nimeyabadilisha yote, ingawa mwishoni mwa habari hii mtaona kwamba kumficha mtu si kazi rahisi hivyo.

Basi.

Asubuhi ile Masila alikuja kuniita yeye mwenyewe. Masila alifanya kazi kiwandani Athi River miaka mingi, akarudi nyumbani kulima. Ni mtu wa kuuliza maswali, lakini si mtu mbaya. Siku ile hasara ilikuwa yake, na bado alinibebea kigoda njia nzima, akisema mawe yamelowa, nisikae kwenye unyevu.

Nilipofika shambani kwake nikaona. Tuta lilikuwa limepasuka mahali pamoja tu. Maji yalipita hapo yakateremka na maharagwe yake, na mbaazi, na ule udongo mweusi wa juu ambao haurudi. Chini kulibaki mwamba, mweupe kama mfupa.

Sikuhitaji kuonyeshwa kile kipande kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha Kalekye. Yaani, kilikuwa changu.

Mikono yangu ilikuwa imechimba pale nusu ya kina kinachotakiwa. Alfajiri ile niliona kinatosha. Mtu akichoka, kila kitu hutosha.

Watu walikuja wengi kuliko siku ya kazi. Kalekye naye alikuja, maana Masila alikuwa amempigia simu akamwambia kwa heshima kwamba leo asikose. Alhamisi hiyo akamwacha Ndanu na shangazi yake, akapanda mlima na viatu vya mjini miguuni.

Ni lazima niwaambie desturi yetu ya kusema sababu, la sivyo hamtaelewa kilichotupata.

Mtu akikosa kazi, husimama kwenye kipande chake mbele ya wote na kusema ukweli. Mume alinipiga. Sikuwa na unga, sikuwa na nguvu. Nilikuwa na aibu. Chochote. Akimaliza, kila mmoja wetu huokota konzi ya udongo na kuitupa mtaroni. Tunasema limefunikwa. Baada ya hapo halibebwi nyumbani, halisemwi kisimani wala kanisani. Nimesikia mengi kwenye mitaro hii, na sijawahi kusikia hata moja likirudi kwa mlango mwingine.

Viongozi hawasamehewi, wao ndio husema kwanza. Sheria hiyo niliidai mimi, siku tulipomchagua Kalekye, kwa sababu mwenyekiti tuliyekuwa naye kabla yake alizoea kututumia salamu badala ya mwili wake. Watu walipiga makofi. Nilijiona nimefanya jambo.

Masila akasimama pembeni mwa lile shimo, kofia mkononi.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi sitafuti ugomvi na wewe. Nataka kujua tu. Kipande hiki ni chako, na hukuwa hapa. Nani alikichimba, na wewe ulikuwa wapi?"

Kalekye akatazama chini. Kisha akasema ni yeye mwenyewe alikichimba, alfajiri, kwa haraka, na sababu ya kukosa ni uvivu. Akaomba msamaha kwa wote, na kwa Masila akaomba mara mbili.

Hakuna aliyeokota udongo.

Ndila akacheka. Ndila ni jirani yangu, mdomo wake ni mkali lakini mkono wake ni mwepesi, mwaka ule nilipougua alinichotea maji bila kuombwa. Akasema tangu lini Kalekye akawa mvivu, huyu ambaye alichimba mitaro na mimba. Halafu akasema kile ambacho nadhani wengi walikuwa nacho mdomoni, kwa maana Kalekye alikuwa ameonekana akipanda matatu ya Mumbuni.

"Alhamisi ni siku ya nani huko Mumbuni, Mwenyekiti? Ana gari, ama ni wa kutembea kwa miguu?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ni kile kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa. Lakini Kalekye alikuwa amesimama peke yake juu ya lile tope, na viatu vyake vya mjini vilikuwa vinazama.

Sikuweza kuvumilia. Nikainuka kwenye kigoda.

"Ni mimi nilichimba," nikasema.

Masila akageuka. "Wewe, Susu?" Hivyo ndivyo wanavyoniita wote, nyanya. "Kwa mikono hiyo?"

"Hii hii. Ndiyo maana limevunjika."

Nilidhani nimemwokoa. Nilidhani hasira ikinijia mimi itaishia kwangu, kwa maana nani humgombeza mzee sana? Na ni kweli, hakuna aliyenigombeza. Mmoja alikuja akanishika bega. Mwingine akavigeuza viganja vyangu, akaona malengelenge, akasikitika.

Kisha wakamgeukia Kalekye, na safari hii hakuna aliyekuwa anacheka.

Umemfanya Susu wetu punda wako. Hayo yalitoka kwa mtu ambaye sikutegemea. Mwingine akasema mwenyekiti anakaa mjini anakula mandazi na nyanya wa watu anavunjika mgongo. Mwingine akauliza kama hata hicho kikohozi changu hakikutokana na umande wa alfajiri. Walinitetea kwa upendo mwingi, na kila neno la upendo wao lilimpiga yeye.

Nikamshika Kalekye mkono nikamvuta kando, kwenye ua wa mkonge, mbali kidogo na masikio ya watu.

Nikamwambia aniruhusu niseme. Nikamwambia itafunikwa, kama mengine yote yalivyofunikwa. Hawa si watu wabaya, nikasema, wamekosa tu kitu cha kuamini, na mtu akikosa kitu cha kuamini huamini chochote.

Akatikisa kichwa. Hakuwa analia. Nilitamani angelia.

"Mwaitu," akaniambia, kwa maana huniita mama, "uongozi niliuomba mimi. Ndanu hakuomba."

"Lakini wanakuchafua wewe."

"Wanichafue. Mimi nitaoga. Yeye akichafuliwa hataoga, wewe unajua."

Nilijua. Nani alijua kuliko mimi?

Tukarudi.

Masila alikuwa mpole hata wakati ule. Akasema hataki mtu afukuzwe kwa hasira, wapige kura kama tunavyopiga siku zote. Anayetaka mwenyekiti aondoke, alaze jembe lake chini. Anayetaka abaki, alisimamishe. Na kwetu sisi kuondoka si kuondoka kwenye kiti tu, ni kuondoka kwenye mwethya. Shamba la Kalekye ndilo lililokuwa linafuata zamu, na ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote ya hapa. Bila sisi, mvua ya Novemba ingelimaliza.

Majembe yakaanza kulala. Moja baada ya jingine, taratibu, kama watu wanaolaza watoto. Langu nililisimamisha, na la Katunge, katibu wetu, lilisimama. Mengine machache yakasimama.

Kisha Kalekye mwenyewe akatoka, akaazima jembe la mtu, akalilaza pamoja na yale yaliyolala.

Alipiga kura dhidi yake mwenyewe ili tuache kuuliza.

Na hapo, nyinyi mnaonisoma, siri ilikuwa imepona. Nataka mlielewe hili, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Alikuwa ameinunua kwa kiti chake na kwa shamba lake, na bei alikuwa amekwisha kuilipa. Mimi nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza ni kazi ambayo hata mzee anaiweza.

Lakini Ndila, akifuta mikono kwa kanga, akasema si kwa sauti kubwa, "Basi sasa aende kwa mwanaume wake kwa amani."

Nikasikia kinywa changu kinafunguka.

Nikasema hakuna mwanaume. Nikasema ni Ndanu. Nikasema alichojaribu kufanya, na kwamba ni mimi nilimkuta, na kwamba mama yake hukaa naye kila Alhamisi kwa mshauri amemshika mkono, kwa sababu asiposhikwa mkono haingii. Nikasema mtoto yuko Mumbuni kwa Mwongeli, kwamba bado anaogopa kulala na mlango umefungwa, na pia anaogopa ukiwa wazi. Nilisema zaidi ya nilichoulizwa. Yaliyokaa ndani muda mrefu hayatoki nusu.



Masila akaibana kofia kifuani. Nikamwona anatazama maharagwe yake yaliyolala kwenye tope kana kwamba ameona aibu kwa ajili yao. Akainama, akaokota konzi ya udongo, akaitupa kwenye lile shimo.

"Limefunikwa," akasema.

Wakafuata wote. Ndila alitupa konzi yake kisha akakaa chini palepale kwenye unyevu na kufunika uso kwa kanga, akirudia kusema nisamehe, nisamehe, bila kujua amwambie nani. Watu wakayainua majembe yaliyokuwa yamelala. Mmoja akasema shambani kwa Kalekye tutachimba Alhamisi ijayo na tutachimba hata yeye asipokuwepo. Masila akasema kipande chake atakichimba yeye, kila wiki, mpaka mtoto apone, na asisikie mtu akiuliza.

Nilitazama wema ule wote ukimzunguka, nikafikiri, kwa dakika moja tu nikafikiri, kwamba nimefanya vizuri.

Kalekye hakuwa ameokota udongo.

Alikuwa anamtazama Katunge.

Katunge ni mpole, hata kuku hamfukuzi kwa fimbo. Alikuwa amesimama karibu na nguzo ya ua, na juu ya nguzo ile, kwenye kipande cha kitambaa ili isilowe, ilikuwa simu yake.

Nilikuwa nimesahau. Wanachama wetu walioko kazini Mavoko na Nairobi walilalamika mwaka jana kwamba wanaamuliwa mambo nyuma ya migongo yao. Kalekye, kama mwenyekiti, akaleta pendekezo kwamba kila mkutano urekodiwe na utumwe kwenye kundi letu la WhatsApp palepale, vipande vipande, ili asiwepo wa kusema alifichwa. Sote tuliinua mikono. Mimi niliinua miwili.

Desturi ya udongo ni ya zamani, hii ya simu ni ya juzi. Hatukuwahi kukaa chini tuulize zitaishije pamoja. Siku za kusema sababu Katunge huizima. Lakini hii ilianza kama kesi ya tuta, ikawa kura, na sababu ikaja mwisho bila kubisha hodi.

"Umetuma?" Kalekye akauliza.

Katunge akaishusha simu kutoka kwenye nguzo. Akasema mtandao ulikuwa mzuri leo.

Masila akamwambia afute. Katunge akasema anafuta, anafuta, akabonyeza, vidole vikateleza, akabonyeza tena. Akasema imefutika kwa wote. Watu wakapumua.

Lakini Kalekye akanyoosha mkono. "Kabla hujafuta," akasema, "nani alikuwa amesikiliza?"

Katunge akainamia simu.

Nilishangaa kwa nini aulize. Wanachama wa mjini ni watu wetu, nao wangefunika kama sisi. Ndipo Kalekye akanigeukia, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mwaitu, mimi simu hizi sizijui. Kundi lile nilifunguliwa na Ndanu. Na yumo, kwa namba yake. Ndiye hunisomea."

Katunge akaanza kulia. Alisema aliona jina, kabla ya kufuta aliona jina, lilikuwa la kwanza.

Halafu simu yake ikalia kidogo mkononi, ule mlio mfupi. Akatazama. Akampa Masila atazame, kana kwamba macho ya mtu mwingine yangesoma kitu tofauti. Masila akanipa mimi. Kusoma najua. Yalikuwa maneno madogo, ya rangi ya kijivu, katikati ya kioo.

Ndanu ametoka kwenye kundi.

Kalekye akapiga namba ya mtoto. Mwanamke wa kwenye simu akasema haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akampigia Mwongeli, na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuishikilia simu sikioni, kwa hiyo Masila akaiweka kwenye sauti ya nje na kumshikia, karibu na uso, kama mtu anayemshikia mgonjwa kikombe.

Mwongeli akapokea akicheka. Alikuwa ametoka kidogo kununua sukuma, akasema, Ndanu alikuwa amekunywa chai vizuri leo, amekula na mkate, kwani kuna nini?

"Uko mbali na nyumba?" Kalekye akauliza.

"Niko mlangoni."

"Ingia."

Tukasikia kitasa cha mlango. Tukasikia mfuko ukiwekwa chini. Tukasikia Mwongeli akiita kwa sauti ya kawaida, kisha hatua zake, kisha akaita tena, na safari hii sauti haikuwa ya kawaida.

"Chumba chake kimefungwa," akasema. "Kwa ndani. Kalekye, si mlisema asiwe na ufunguo?"

Ndipo Masila akafanya kitu ambacho sitasahau. Alilaza ile simu kwenye kiganja cha Kalekye, akakunja vidole vyake juu yake, akasema kwa upole sana, "Hii ni yako, mama. Sisi hatusikilizi." Akarudi nyuma. Akageuka akatazama mlima.

Ndila akainuka kwenye tope akageuka. Katunge akageuka. Mmoja baada ya mwingine, mwethya mzima ukampa mgongo, tukasimama mstari mmoja kwenye lile tuta lililovunjika, majembe mikononi, ili mama awe peke yake na jambo la mtoto wake.

Mimi nami nikageuka. Kiganjani mwangu nilikuwa bado na ile konzi ya udongo. Sikuwa nimeitupa.

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuondoa sauti ya nje. Na nyuma yetu, kwa sauti ambayo mlima wote uliisikia, Mwongeli alikuwa anagonga.

"Ndanu. Ni shangazi. Nifungulie, mama. Sema neno moja tu."

Akanyamaza ili asikie. Tukanyamaza naye.

Kisha akaanza kugonga tena.